Polisi wamemfuata mfanyakazi wangu kazini

Wakuu, nasimamia ghala la mchele Mwanza. Juzi askari walimchukua kijana wangu wa mizani mbele ya makuli. Sasa picha ya kitambulisho chake inazunguka kwenye grupu letu la WhatsApp, na askari wanataka faili lake lote, hadi vyeti vya hospitali. Nitoe? Naumia, mama yake ananitegemea nimlinde.

—Pole mkuu. Omba barua inayotaja wanachohitaji, toa hicho tu. Habari za afya ni taarifa nyeti, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

—Na picha ifutwe! Katiba, ibara ya 13(6)(b): mshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika, na huyu hajatiwa hatiani.

—Ahsanteni. Nimeifuta grupuni. Barua nimeiomba, nasubiri. Wateja wakimuulizia nawajibu hayupo, basi.