Iago abaki peke yake jukwaani, au tumfyeke?

Mvuta_Pazia: Wadau, kikundi chetu cha mtaani kinaandaa Othello, tamthilia ya Shakespeare. Mfadhili anataka tukate uzungumzi nafsia wote (pale mhusika anapojisemea peke yake) wa Iago, yule askari anayemwangamiza mkuu wake Othello, eti watazamaji wa leo hawana subira. Nikikata, tutajuaje kinachomwasha? Askari mwenzake Cassio kupewa cheo alichokitaka yeye? Au ile fununu kwamba Othello kalala na mke wa Iago? Mnasemaje?

Kahawa_Chungu: Kata. Mtu mzima anaongea peke yake dakika tatu? Mtaani kwetu huyo anaitiwa ndugu zake.

Binti_Tanga: Mama yangu alikuwa akipepeta mchele huku anamsema marehemu baba, anamuuliza na kumjibia. Hakuwa kichaa.

Kahawa_Chungu: Dada, sijamgusa mama. Nazungumzia jukwaa.

Binti_Tanga: Umeandika "mtaani kwetu". Panda juu ukasome.

Mzee_wa_Ukumbi: Globe, ukumbi wa Shakespeare, uwanjani haikuwa na paa. Mchezo ulichezwa mchana, watu wamesimama wameegemea jukwaa, mwigizaji anawaona nyuso. Alikuwa anaongea NAO. Sisi ndio tuliozima taa za ukumbini, kisha tukamshangaa anaongea na giza.

Kahawa_Chungu: Sawa mzee, lakini huyu dada anitake radhi kwanza.

Binti_Tanga: Mimi nikutake radhi?!

Chaki_Nyeupe: Mkimaliza. Hamlet wa Shakespeare na ile "kuwa au kutokuwa" wala hayuko peke yake: mfalme na mshauri wake Polonius wamejibanza, Ophelia, mpenzi wa Hamlet, yuko hapohapo. Na mpaka anapomwona Ophelia anasema "sisi", hasemi "mimi". Medea wa Euripides, yule Mgiriki wa kale, anapobishana na moyo wake kuhusu kuwaua wanawe, kwaya ya wanawake wa Korintho iko jukwaani inamsikia mwanzo mwisho.

Kobe_Mzee: Mwalimu Nyerere alipotafsiri Juliasi Kaizari ya Shakespeare mwaka 1969 hakumruka Brutus pale bustanini usiku, anapojisemea kabla ya kumuua Kaizari.

Chaki_Nyeupe: 1963. Ya 1969 ni ile aliyoirekebisha.

Kobe_Mzee: Haya, bingwa wa tarehe. Brutus anaanza na hukumu, Kaizari lazima afe, NDIPO anatafuta sababu. Ukikata hapo unabakiwa na mtu mwema aliyeshika kisu.

Kahawa_Chungu: Kwani si mwema?

Kobe_Mzee: Amekiri mwenyewe hajawahi kumwona Kaizari akitawaliwa na jazba kuliko akili. Anamuua kwa atakachokuja kuwa! Wema gani huo?

Kahawa_Chungu: Yai la nyoka unalisubiri liangue?

Mvuta_Pazia: Jamani, tulikuwa kwa Iago. Jana mazoezini alifika pale anapopanga kumtia Othello sumu ya maneno sikioni. Mama anayetuletea vitumbua akatua sinia: "Mwongo mkubwa wewe! Namwambia!" Kijana akasahau mistari yote iliyobaki.

Kahawa_Chungu: Sasa na huyo mama tumwitie ndugu zake?

Binti_Tanga: Umeanza tena.