Waya wa chaji tu mnauuza kama waya kamili, mpaka lini?

Assalaam alaykum wanajukwaa. Uzi huu nimeufungua kwa hasira, na sioni haya kusema hivyo.

Maduka ya vifaa vya simu, kuanzia Darajani mpaka Chake Chake, yamejaa nyaya za USB zisizopitisha faili hata moja. Zinachaji, basi. Mteja anauliza waziwazi, "Huu unahamisha picha kwenye kompyuta?" Anajibiwa, "Unafanya kila kitu." Akifika nyumbani laptopu haioni simu. Akirudi anaoneshwa maandishi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Aliyenunua mjini Unguja akapanda boti kurudi Pemba ndio basi tena, nauli inazidi bei ya waya.

Ukipasua waya kamili wa kawaida, ule wa USB 2.0, utakuta ndani vijiwaya vinne. Kwa kawaida chekundu na cheusi ni vya umeme, cha kijani na cheupe ndivyo vinavyobeba faili. Katika hizi za kuchajia tu, hivyo viwili vya data havimo. Tazama ndani ya kile kichwa kipana: kuna vibati vinne, na viwili vya katikati ndivyo vya data. Vikikosekana, urudishe hapo hapo kaunta. Vikiwepo bado usilipe, maana zipo nyaya zenye vibati vyote vinne lakini viwili havikuungwa na chochote. Na kichwa kipya cha USB-C, kile kidogo cha ncha za duara, kisikudanganye, kinaingia upande wowote lakini hakisemi kilichomo ndani.

Dawa ni kuujaribu dukani. Ondoa kwanza loki ya simu, kwani simu iliyofungwa huifanya laptopu ioneshe folda tupu na ukadhani waya mbovu. Chomeka, vuta pazia la juu la simu, gusa ujumbe wa USB, ubadilishe kutoka kuchaji kwenda kuhamisha faili. Jina la simu likitokea kwenye kompyuta na folda zikafunguka, waya mzima. Simu ikiwa inachaji tu na ujumbe wa USB hauji kabisa, badilisha waya kabla hujagusa kitu kingine. Ukibadilisha na hali ni ile ile, angalia tundu la simu: pamba za mfukoni hushindiliwa mle ndani na kichwa hakifiki mwisho. Zima simu, zitoe kwa kijiti cha meno cha mti, si kwa pini.

Kinachouma zaidi ni mafundi. Mtu anapeleka simu "isiyosoma kompyuta", anaambiwa ina virusi, ipigwe flash, yaani iwekewe upya programu yake yote. Picha za harusi zinafutika, na kumbe kosa lilikuwa la waya! Fundi asiyejaribu waya wa pili kabla ya kuflash hafai kupewa simu ya mtu.

Na acheni kuwaambia watu "tumia Bluetooth, ni hayo hayo". Si hayo hayo. Bluetooth ya simu kwa kawaida hupitisha kama megabiti 2 kwa sekunde (megabaiti moja ni megabiti 8), kwa hiyo video ya megabaiti 700 itachukua dakika 45 hivi, wakati kwa waya mzima haifiki dakika moja. Ni nzuri kwa picha mbili tatu au hati ya skuli, na hata hapo laptopu ya Windows lazima uiambie kwanza ipokee faili, la sivyo simu itasema imeshindwa kutuma ingawa vimeshaunganishwa. iPhone ndiyo haipokei kabisa faili ya Bluetooth kutoka Android.

Waya wa kuchajia tu una kazi yake, hata ni salama zaidi ukichaji kwenye USB usiyoijua. Uuzeni, lakini andikeni "chaji tu" na bei yake iwe ya chini.

Anayejua duka Wete, Chake au Mkoani linalomruhusu mteja kujaribu waya kwa laptopu kabla ya kulipa, aweke mtaa wake hapa chini.