Pedi za breki za nyuma: siku hizi mpaka kompyuta?

Spanamkononi: Wakuu, gari langu la zamani nilikuwa nalihudumia mwenyewe: plagi, oili, breki, hata kabureta nilifungua nikaisafisha. Hili la sasa hendibreki yake ni ya kitufe. Nimetoa tairi la nyuma nibadilishe pedi, nakuta mgongoni mwa kalipa (kile kifaa chenye pistoni kinachobana pedi) kuna mota ndogo yenye waya, na pistoni hairudi ndani. Niibane kwa jiliwa?

Mzee wa Gereji: Usithubutu mkuu! Ndani kuna skrubu inayozungushwa na hiyo mota. Ukilazimisha unaharibu gia zake. Chomeka mashine ya kupimia hitilafu za gari kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, weka breki kwenye hali ya matengenezo, mota irudi yenyewe, ndipo usukume pistoni. Baadhi ya magari hukubali kwa kitufe na pedali tu, soma kitabu chake. Ukimaliza, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea.

Wayaring: Soketi hiyo ni lazima kwa magari mapya Marekani tangu 1996, lakini kimashine cha bei rahisi kinasoma kodi (namba za hitilafu) za injini tu. Hakikisha chako kinafungua breki.

Spanamkononi: Asanteni sana. Inaniuma kweli, gari nimelinunua kwa jasho langu halafu kazi ya spana mbili inadai ruhusa ya kompyuta. Nanunua mashine. Betri ikishuka katikati ya kazi je?

Mzee wa Gereji: Unganisha chaja kabla hujaanza.