Jalada limenificha kitabu hiki miaka mitatu. Nimekasirika!

Wadau, salaam aleikum. Hili jambo limenikaa kooni tangu juma lililopita, naomba mnisikilize.

Kuna mzee anauza vitabu vya mitumba hapa Mombasa, huvitandaza chini juu ya turubai. Miaka mitatu nimekuwa nikikiona pale kitabu kimoja, A Wizard of Earthsea cha Mmarekani Ursula K. Le Guin. Nakiokota, natazama jalada, nakirudisha. Jaladani kuna kijana mweupe pe, nywele zimemwangukia usoni, fimbo mkononi. Nasema moyoni, haya ni yale yale ya ngome za Ulaya na theluji, nimeshayachoka.

Siku hiyo mvua ikanifungia kibandani. Nikakifungua tu wakati upite. Sura ya kwanza haijaisha nikawa nimetoa shilingi 150.

Jamani, hiki kitabu ni cha visiwa! Dunia nzima ni bahari na visiwa, watu wanakwenda kwa tanga, waganga wanaita pepo za kusukuma vyombo. (Nasema waganga kwa sababu neno mchawi kwetu lina uovu ndani yake, na hawa wanasomea kazi yao kisiwani Roke na wanafundishwa mizani: ukileta mvua hapa, huenda umekausha kwingine.) Nguvu yote iko kwenye jina. Ukilijua jina la kweli la kitu, umekishika. Ged, kijana ambaye kitabu kinamhusu, anakabiliana na joka zee la Pendor, na kinachomwokoa ni kulijua jina la joka hilo, Yevaud, basi. Halafu kuna usiku ule anaposhindana na mwenzake Jasper kwa kiburi cha ujana, anaita roho ya maiti, na kivuli kinatoka kumrarua. Mkuu wa chuo anakufa akiziba mpasuko kilikotokea kivuli hicho. Nilisoma ukurasa huo nimesimama.

Na chombo cha Ged, Lookfar, kinachorwa macho pande mbili za omo. Mimi mama yangu ni wa Lamu. Macho ya jahazi nimeyaona tangu natambaa!

Sasa sikilizeni kinachoniudhi. Mwanzoni kabisa kijiji cha Ged kinavamiwa na Wakargi. Mwandishi anawaeleza waziwazi: ngozi nyeupe, nywele za manjano, wanaopenda damu na harufu ya miji inayoungua. Ged ni kitoto tu, bado anaitwa Duny. Anatumia maneno machache aliyoyaokota, mengi kwa mama mdogo wake, anaita ukungu, wavamizi wanapotea ndani yake na wengine wanaporomoka gengeni. Na Ged mwenyewe ana rangi ya shaba, kama watu wengi wa visiwa hivyo. Rafiki yake Vetch ni mweusi zaidi, limeandikwa, halihitaji kukisiwa.

Kwa hiyo aliyechora jalada langu amempa mtoto huyu sura ya watu waliokuja kukichoma kijiji chake. Hebu lirudieni hilo polepole.

Na msiniambie mchoraji hakujua. Jalada la kwanza kabisa, la mwaka 1968, lililochorwa na Ruth Robbins, lilimpa Ged uso wa rangi ya shaba. Walikuwa na mfano mezani. Waliofuata wakampausha, toleo baada ya toleo. Mwaka 2004 runinga ya Marekani ikatengeneza filamu, Ged akapewa mzungu. Mama Le Guin alikuwa hai, akaandika kwenye jarida la Slate kwa hasira kwamba rangi za watu wake aliziweka kwa makusudi. Kamalizia umri wake akipigania jambo lililokwisha kuandikwa ndani ya kitabu! Toleo kubwa lenye michoro ya Charles Vess, ambalo Ged ni yule yule wa kitabuni, lilitoka 2018, na Mama Le Guin alifariki Januari ya mwaka huo huo.

Mtu ataniambia ni jalada tu. Hapana. Jalada ndilo linalosema na mtoto pale juu ya turubai, kabla hajasoma neno. Mimi nina miaka 41. Kitabu hiki kilikuwapo duniani kabla sijazaliwa, na kama ningekipata nikiwa na 12 ningekilalia kifuani. Kuna mtu alikaa ofisini akaamua kwamba uso kama wangu hauuzi. Huo ni wizi, na sitafuti neno laini.

Jana nilikuwa namsomea mpwa wangu, ana miaka 11. Tulipofika kwa Vetch akanisimamisha, akageuza kitabu, akatazama jalada, akarudi ukurasani, akatazama tena. "Mjomba, huyu hapa nje nani?" Nikashindwa. Akaweka dole gumba juu ya ule uso, akaniambia niendelee.

Leo asubuhi nimekuta amekijalidi kwa karatasi ya kaki, kama daftari la shule. Juu amechora mashua, macho mawili makubwa omoni, na kijana ndani aliyepakwa kalamu ya kahawia mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Anataka nimnunulie kalamu nyeusi. Vetch bado hajamchora.