Volkswagen T3 ya kulala inakula kulanti (maji ya kupozea injini) na chini hakuna hata tone, nianzie wapi?

Msafiri_T3
Wakuu, habari zenu. Nina T3 ya mwaka 1987 iliyogeuzwa kuwa gari la kulala: kitanda, jiko, makabati, na sakafu ya mbao juu ya bati. Injini ni ile ya 1900 ya kabureta, inayopozwa kwa maji. Tuliachiwa na mjomba wa mke wangu, na watoto wetu wamekulia safarini humo, kwa hiyo wazo la kuliuza halipo.

Kila nikitembea kama kilomita 300 naongeza karibu lita nzima ya kulanti. Geji ya joto haijawahi kupanda. Nikiegesha usiku, asubuhi chini pakavu kabisa. Fundi aliniambia ni rejeta, tukafunga mpya, tatizo likabaki palepale. Sasa fundi huyohuyo anataka kushusha injini afungue hedi (kichwa cha silinda). Kabla sijamruhusu naombeni ushauri wenu, maana nimeshalipia kubahatisha mara moja.

Spana_Kumi
Pole mkuu. Usiruhusu injini ishuke bado. Tujibu haya: gari lina hita ya nyuma? Ukifungua mlango asubuhi kuna harufu tamutamu? Vioo vinaingia ukungu kwa ndani? Ekzosi inatoa moshi mweupe hata injini ikishapata moto? Na kulanti unaongezea tangi lipi, la presha kwenye chumba cha injini au la akiba nyuma ya kibao cha namba?

Msafiri_T3
Hita ya nyuma ipo, chini ya kiti. Harufu ipo kweli, nilidhani ni sabuni tuliyooshea zulia. Ukungu upo, hasa tukiamka, nikajua ni pumzi zetu wanne. Moshi mweupe ni dakika za mwanzo tu kukiwa na baridi. Naongezea tangi la akiba.

Kijana_wa_Gereji
Mkuu usijisumbue, nunua unga wa kuziba matundu, mimina kwenye kulanti, endesha, umemaliza. Gari langu la mizigo lilipona hivyo hivyo.

Mama_Tairi
Kaka Msafiri, nakuomba usimwage huo unga. Nimeendesha gari la aina hiyo miaka kumi na moja na nimewahi kuchomoa hita iliyozibwa na unga wa namna hiyo. Njia zake ni nyembamba, ndizo huziba kwanza, halafu unafuata kwenye rejeta yako mpya. Kijana hajasema uongo, tundu dogo huziba kweli. Lakini gari lako linapoteza lita nzima, na hilo ni tundu linalotaka kuonekana kwa macho.

Kumbuka jinsi gari hili lilivyopangwa. Rejeta iko mbele, injini iko nyuma, na kati yake kuna mabomba mawili marefu yanayopita chini ya sakafu. Mfumo mzima unabeba zaidi ya lita 16. Zaidi ya hapo kuna mipira (mabomba laini) inayotoka katikati kwenda kwenye hita ya nyuma, yenye viungo vya plastiki vya umbo la T. Plastiki ya 1987 leo inavunjika kama ganda la yai. Na kwa nini huoni tone? Kwa sababu yako ni gari la kulala. Maji yakivuja chini ya kiti yananyonywa na zulia, mbao na sponji ya kuzuia baridi kabla hayajafika ardhini. Harufu na ukungu wako nadhani vinatoka hapo.

Usikisie lakini, pima. Azima pampu ya mkono ya kupimia presha ya rejeta. Injini ikiwa baridi kabisa, toa mfuniko wa tangi la presha, funga pampu, pandisha presha mpaka takriban bar 1 na usizidishe. Kaa nusu saa uangalie mshale. Ukishuka, inua kiti, peleka mkono chini ya zulia, pitia kila kiungo kwa tochi, na usisahau miguuni kwa abiria wa mbele, maana na huko kuna hita. Kisha bana mipira miwili ya hita ya nyuma kwa vibanio visivyo na meno, pandisha presha upya. Mshale ukitulia, umempata mwizi bila kufungua nati hata moja ya injini.

Mfuniko usiuguse injini ikiwa moto. Nimeona mkono uliobabuka, sitaki kuuona tena.

Fundi_Hedi
Nakubaliana na dada kuhusu kipimo, ila nisimtupe fundi wako moja kwa moja. Injini hizi zina ugonjwa wake: hedi hukaa juu ya gasketi ya mpira inayozuia maji upande wa nje, na ikichoka maji hutoka kidogo kidogo kwenye mshono wa hedi na bloku, yanadondokea ekzosi na kukauka papo hapo. Tone hulioni, unasikia harufu tu. Lala chini utazame mshono huo pande zote mbili. Ukiona unga mweupe au wa kijani umeganda, ndiyo dalili. Hilo ni tofauti na gesi ya silinda kuingia kwenye maji. Hiyo inapimwa kwa dawa ya bluu juu ya tangi: ikigeuka njano, gesi ipo.

Na swali langu: umekuwa ukiongeza kulanti au maji matupu?

Msafiri_T3
Nakiri, nusu ya mwaka huu ni maji ya bomba. Napima Jumamosi, nitarudi na majibu.

Msafiri_T3
Wakuu nimerudi. Mshale ulishuka kutoka bar 1 hadi 0.6 ndani ya dakika kumi. Nilipong'oa kiti, zulia juu lilikuwa kavu, chini yake sponji imelowa kiasi cha kukamuliwa. Nikabana mipira miwili, nikapandisha tena: nusu saa mshale haukutikisika. Kiungo cha T kimepasuka upande usioonekana, na koki ya hita nayo inatoa unyevu. Dawa ya bluu imebaki bluu. Mshono wa hedi upande wa kushoto una utando mweupe mwembamba, mkavu. Mke wangu alikaa chini akashika sponji ile, akasema mtoto wetu mdogo amekuwa akilala juu ya sumu.

Mama_Tairi
Afadhali mmejua. Kulanti ni tamu na ni sumu ikimezwa, kwa watoto na kwa wanyama, kwa hiyo sponji hiyo tupeni, zulia lisuuzwe kwa maji mengi, na beseni la kulanti ya zamani lisiachwe wazi hata dakika moja. Viungo weka vya shaba, koki mpya, na mpira mpya kila mahali ulipofungua.

Ukijaza, changanya kulanti isiyo na fosfeti na maji yaliyochujwa kwa mvuke, nusu kwa nusu. Maji ya bomba ndiyo yanayokula hedi zile. Inua mbele ya gari kama sentimita 40 juu ya stendi imara, zuia magurudumu ya nyuma, fungua hita zote, legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta nyuma ya grili. Injini ikizunguka kama mara 2000 kwa dakika, jaza tangi la presha mpaka skrubu itoe maji bila mapovu, ndipo ufunge. Ukiharakisha hapa hewa itabaki na geji itakudanganya.

Fundi_Hedi
Ule utando mweupe usugue kwa brashi, uchore mstari kwa chaki, uangalie kila baada ya kilomita 500. Ukirudi mkavu na kiasi cha maji hakishuki, hedi inaweza kungoja. Ukirudi umelowa, panga kazi kabla ya safari ndefu.

Msafiri_T3
Kilomita 540 leo. Tangi la akiba liko palepale kwenye alama, vioo vilikuwa safi asubuhi. Chaki bado inaonekana, pakavu.