Utafiti ukiisha, chipu iliyobaki kichwani ni mzigo wa nani?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Ian Burkhart wa Ohio, Marekani, aliumia shingo mwaka 2010 akipiga mbizi baharini, akapooza viganja na miguu. Mwaka 2014 madaktari wa Chuo Kikuu cha Ohio State wakampandikiza ubongoni chipu yenye elektrodi 96, yaani ncha ndogo za kunasa au kupitisha umeme. Akiwaza kufumba kiganja, kompyuta inasoma mawimbi ya ubongo, kisha inapeleka umeme kwenye elektrodi 130 alizofungwa mkononi. Misuli inakaza, chupa inashikika. Uti wa mgongo ulioharibika unapitwa kando.

Ila alishika chupa maabara tu. Akirudi nyumbani, kiganja kimelala vilevile. Mwaka 2021 chipu ikatolewa: ngozi ya kichwa ilipata maambukizi, na fedha za utafiti zilikuwa zimekwisha.

Msimamo wangu: kabla fuvu la mtu halijafunguliwa, fedha za kumtunza baada ya utafiti ziwe zimeshatengwa, na iwe sheria. Tamko la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa kitabibu kwa binadamu, linataka mipango hiyo iwepo kabla ya jaribio kuanza, lakini tamko halina polisi.

Mchangiaji:
Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Alisaini akijua ni utafiti, si tiba. Ukivitwisha vyuo gharama ya maisha ya mtu, nani atathubutu tena? Bill Kochevar wa Cleveland, Marekani, aliyepooza kwa ajali ya baiskeli na kupandikizwa vifaa kama hivi katika utafiti mwingine, asingewahi kujilisha kwa mkono wake mwenyewe.

Mleta mada:
Huyo Kochevar alikuwa na elektrodi 36 ndani kabisa ya misuli ya mkono. Hizo huvui jioni kama saa. Na mtu ambaye kwa miaka hajashika kijiko, ukimwonyesha mlango wa kukishika tena, atasaini chochote. Sahihi hiyo isitumike kumfunga mdomo.

Tena si utafiti peke yake. Freehand, kifaa cha kuamsha misuli ya kiganja kwa kutikisa bega, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1997 kama tiba halali. Zaidi ya watu 200 walipandikizwa. Mwaka 2001 kampuni ikakiondoa sokoni, waya zikabaki ndani ya miili ya watu.

Kwenye gharama nakubali, chuo kimoja hakiwezi. Basi uwepo mfuko wa pamoja, na kampuni zitakazouza teknolojia hii kesho zianze kuchangia leo. Wewe ungependa nani alipe waya ukikatika?