Morphy, Rubinstein, Tal au Kasparov: tuanze na nani kuwafundisha vijana kushambulia?

Kete_za_Shangani (Mtwara Mjini)

Salaam wakuu wa Kusini. Tuna kikundi cha chesi cha vijana 12 hapa Shangani, miaka 13 hadi 17, reti zao (alama za uwezo) za mtandaoni ziko kati ya 900 na 1200. Ufunguzi wa Kiitaliano wanaujua hatua tano sita za mwanzo. Tatizo linaanza pale kete zikishatoka: wanabaki kusogeza askari wa pembeni wakisubiri mwenzao akosee. Tunataka wajifunze kushambulia kwa mpango.

Zipo Jumamosi nane kabla msimu wa korosho haujaanza, maana Oktoba ikiingia wengi wao wanakuwa mashambani na familia. Kila Jumamosi saa mbili. Bodi nne, simu moja, projekta hakuna.

Majina ya wachezaji yaliyopendekezwa ni Morphy, Rubinstein, Tal, Kasparov na Judit Polgár. Muda unatosha kwa wawili, wakizidi sana watatu. Mngeanza na nani, na kwa mchezo upi hasa?

Mitwero64 (Lindi)

Morphy, na mchezo ni ule wa jumba la opera Paris, 1858, dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard waliokuwa wakishauriana. Hatua 17 tu, unaandikwa kwenye nusu ukurasa wa daftari. Kwa bodi nne na simu moja, hilo ni jambo kubwa.

Sababu yenyewe hasa ni kwamba kila hatua ya Weupe inaelezeka kwa sentensi moja. Weusi wanacheza ulinzi wa Philidor, hatua ya 3 wanapeleka Askofu mraba wa g4 (herufi ni mstari wa wima, namba ni safu), hatua ya 4 wanalazimika kumbadilisha na Farasi wa f3. Malkia Mweupe anakula f3, kwa hiyo ametoka bure. Hatua ya 7 anakwenda b3, anatishia f7 na b7 kwa pamoja. Weusi wanalinda f7 kwa Malkia e7.

Hapo simamisha darasa. Waulize: Weupe wale b7? Karibu wote watasema ndiyo. Waonyeshe kwamba Malkia akila b7, Weusi wanacheza Malkia b4 kwa cheki na Malkia wanabadilishana. Weupe wamepata askari mmoja, lakini shambulizi limekufa. Morphy alicheza Farasi c3, akatoa kete nyingine. Kijana akielewa hatua hiyo ya 8, umemaliza nusu ya kazi ya Jumamosi ya kwanza.

Halafu angalieni ule Malkia wa e7 anavyomziba Askofu wake wa f8. Askofu huyo na Ngome ya h8 hawakusogea hata mara moja hadi mwisho wa mchezo. Hatua ya 9 Weusi wanasukuma askari b5 kumfukuza Askofu, wakati walitakiwa kumwondoa Malkia, mfano kwenda c7, ili f8 ipumue. Ndipo Morphy anatoa Farasi b5, Askofu anakula kwa cheki, na anajificha upande mrefu (Mfalme na Ngome wanahama kwa zamu moja): Ngome inatua d1 ikielekea moja kwa moja kwa Farasi wa d7 aliyefungwa, yaani akisogea Mfalme wake anabaki kwenye cheki. Hatua ya 13 Ngome inakula d7. Hatua ya 14 ile Ngome ya pili, kete pekee iliyokuwa haijafanya kazi, inakuja d1. Hatua ya 16 Malkia anatolewa b8, Farasi analazimika kumla, Ngome d8, chekimeti. Askofu wa g5 ndiye anayeilinda hiyo Ngome.

Masasi_G5

Namuunga mkono Mitwero64 kwa Morphy ila naongeza jambo la namna ya kufundisha. Usiwaonyeshe mchezo kama sinema. Funika hatua kuanzia ya 8. Kila kijana aandike hatua yake kwenye daftari *kabla* ya kugusa kete, na pembeni aandike anatishia nini. Dakika tatu kila hatua, zisizidi.

Bodi nne zigawe hivi: vijana watatu kwa bodi, mmoja kati yao kazi yake ni kuitetea Weusi kwa nguvu zake zote. Bila mtetezi darasa linageuka kushangilia kafara (kete inayotolewa makusudi), na kafara isiyopingwa haimfundishi mtu kitu. Bodi moja kati ya nne ibaki na nafasi halisi ya mchezo, isiguswe, kundi lake likae pamoja na jirani. Mkijaribu njia mbili tatu bila bodi ya akiba mtapoteza nafasi na dakika kumi zinakwenda kuipanga upya.

BintiNachingwea

Nakubali mchezo wa opera ni mzuri, lakini wakuu, wapinzani wale wawili walikuwa dhaifu mno. Mtoto wa reti 1200 atakutana na mtu anayejua kutoa kete zote kwa wakati, sasa atafanya nini? Mimi nasema Tal tangu siku ya kwanza. Mtu aliyekuwa bingwa wa dunia 1960 akiwa na miaka 23, akamshinda bingwa aliyekuwepo, Botvinnik, 12½ kwa 8½. Mchezo wa sita wa pambano lile: Tal ana Weusi, ulinzi wa Kihindi wa Mfalme, hatua ya 21 anaweka Farasi f4 aliwe. Ukumbi wa Moscow ulilipuka kelele mpaka wachezaji wakahamishiwa chumba cha nyuma. Vijana wanahitaji moto wa namna hiyo, vinginevyo wataendelea kusogeza askari wa pembeni.

Mitwero64 (Lindi)

Dada BintiNachingwea, moto ni kweli. Ila tazama kile kafara kinachotoa: askari wa g3 anakula f4, askari wa e5 anakula f4, na mshazari mrefu wa Askofu wa g7 unafunguka hadi b2, ambako Malkia Mweusi anakwenda kula mara moja. Hakuna chekimeti iliyo karibu. Alichopata ni kete zilizochangamka dhidi ya kete zilizobanwa, na mchezo ukaenda hadi hatua ya 47. Wachambuzi baadaye walionyesha kwamba Weupe walikuwa na utetezi wa kutosha. Botvinnik mwenyewe, saa ikimkimbia, hakuupata. Sasa kijana wa reti 1000 utamwelezaje kafara ambayo thamani yake ni shinikizo tu? Atachukua picha, ataacha hesabu. Wiki ijayo atatoa Farasi f4 bila Askofu g7, na atashindwa bila kujua kwa nini.

Kuhusu udhaifu wa wapinzani: makosa ya Duke na Count ndiyo makosa ya reti 1000. Askofu g4 mapema, Malkia anaziba Askofu wake, askari anasukumwa wakati kete ziko nyumbani. Na Morphy hakuwapiga dhaifu peke yao. Desemba 1858, Paris hiyohiyo, alimfunga Anderssen, mmoja wa wachezaji hodari wa enzi hiyo, michezo 7, akapoteza 2, sare 2.

FarasiWaMikindani

Kabla ya jina lolote, wafundisheni kafara ya h7. Ndiyo shambulizi watakalolikuta mara nyingi zaidi kuliko yote haya, na lina masharti yanayohesabika.

Weupe wawe na Askofu d3 (mshazari hadi h7 uko wazi), Farasi f3 anayeweza kuruka g5, Malkia d1 mwenye njia ya h5, na askari e5. Huyo askari wa e5 ndiye muhimu kuliko wanavyodhani, kwa sababu anamzuia Farasi Mweusi kurudi f6. Weusi wamejificha upande mfupi, f6 hakuna Farasi.

Askofu anakula h7 kwa cheki, Mfalme anamla, Farasi g5 cheki. Hapa kuna njia tatu, na kijana lazima azihesabu zote tatu kabla ya kutoa Askofu:

Mfalme akirudi g8, Malkia h5. Kama Ngome ya f8 inakwenda e8 kumpa Mfalme nafasi, Malkia anakula f7 cheki, Mfalme h8, Malkia h5 cheki, g8, Malkia h7 cheki, f8, Malkia h8 cheki, e7, Malkia anakula g7, kwisha. Hiyo ni pale Malkia Mweusi bado yuko d8 akimzibia Mfalme wake.

Akienda h6, Askofu wa c1 awe na njia wazi: Farasi anakula f7, cheki mbili kwa mpigo, na Malkia wa d8 anapotea.

Akienda g6, hapo ndipo wengi wanapokwama. Malkia g4, tishio ni kumfungulia cheki kwa Farasi. Weusi kwa kawaida wanajibu f5, Malkia anarudi g3, na hesabu inaendelea. Kama hujaiona njia hii hadi mwisho, usitoe.

Inaharibika wapi? Kwanza, Weusi wakiwa na kete inayoweza kufika mshazari wa b1–h7, kama Askofu wa c8 anayeruka f5 akailinda h7. Pili, Farasi Mweusi akiwa d7 na Ngome imeshaondoka f8: anarudi f8 na h7 imelindwa. Tatu, Weupe wakiwa na kete yao nyingine e2 inayomziba Malkia wa d1, vijana wanasahau kwamba baada ya g5 njia ya h5 lazima iwe wazi.

Kete_za_Shangani (Mtwara Mjini)

Hii nimeichapa. Swali dogo: vijana wetu wanapenda ile ya f7, Farasi g5 halafu Farasi na Askofu wote wanakula f7 mtu akishajificha. Ni shambulizi au hasara?

Masasi_G5

Hasara. Kwa pointi inaonekana sawa: Farasi 3 na Askofu 3, unapata Ngome 5 na askari 1. Lakini umetoa kete mbili zilizokuwa zinafanya kazi, umechukua Ngome iliyokuwa haijaanza kazi, na zamu tatu zimekwenda kwa Farasi mmoja. Weusi wanabaki na kete nyingi zaidi katikati ya mchezo, wakati Ngome zako bado zimelala. Wapeni kanuni hii: hesabu kete zako zinazofika eneo la Mfalme, hesabu watetezi wake. Kama huna tatu zinazoshambulia na huna ziada ya angalau moja, toa kete kwanza.

Msangamkuu_e4

Rubinstein hajasemewa. Rotlewi dhidi ya Rubinstein, Łódź, 1907. Nauweka juu ya Tal kwa kikundi hiki, na hata juu ya Kasparov.

Nafasi inaanza karibu sawa pande zote mbili. Weupe wanamsogeza Askofu wao d3, halafu wanakula c4 naye, maana yake zamu imepotea, na Malkia wao naye anatangatanga. Weusi bila kufanya kitu cha ajabu wanapata Maaskofu b7 na b6 wanaotazama ubavu wa Mfalme, na Ngome c8 na d8. Ndipo hatua ya 22: Ngome inakula c3, Malkia wa h4 anaachwa aliwe. Weupe wanamla. Ngome d2! Malkia anaila, Askofu anakula e4 cheki, Malkia anaziba g2, Ngome h3, na Weupe wanakubali. Malkia wa g2 amefungwa na Askofu wa e4, hawezi kuilinda h2.

Uzuri wake kwa darasa: Weusi ndio wanaoshambulia. Vijana wengi wanaamini shambulizi ni la Weupe peke yao.

Kasparov dhidi ya Topalov, Wijk aan Zee 1999, wekeni kando kwa sasa. Ngome inakula d4 hatua ya 24, na Mfalme Mweusi anatembezwa b6, a5, a4, a3 hadi anaishia e1. Ni mchezo wa kustaajabisha, nami naupenda kuliko yote. Ila kafara ile ilifanya kazi kwa sababu Topalov aliila. Angejibu Mfalme b6, Weupe wasingekuwa na kitu. Kuielewa tofauti hiyo kunahitaji hesabu ya hatua kumi na zaidi.

BintiNachingwea

Msangamkuu umenishawishi kwa Rubinstein. Tal basi awekwe Jumamosi ya saba, si aondolewe. Na Judit Polgár wasichana wa kikundi wamjue: grandimasta 1991 akiwa na miaka 15, akaivunja rekodi ya Fischer ya grandimasta mdogo kuliko wote, na 2002 Moscow akamfunga Kasparov katika mchezo wa kasi. Ule dhidi ya Kasparov ni ulinzi wa Berlin, Malkia wanaondoka mapema, kwa hiyo hautawafundisha kafara. Utawafundisha kumbana Mfalme aliyebaki katikati hata bila Malkia.

Mitwero64 (Lindi)

Ratiba basi: kafara ya h7 Jumamosi mbili, opera moja, Anderssen na Morphy mchezo mmoja, Rubinstein mbili, Tal moja, Polgár moja. Michezo yote ipo kwenye tovuti ya Lichess bure. Pakueni faili la PGN mkiwa na mtandao, ni maandishi tu, mchezo mmoja hauzidi kilobaiti chache, bando halitaguswa. Injini (programu ya kuchambua chesi) ifunguliwe mwishoni, baada ya madaftari kukusanywa.

Kete_za_Shangani (Mtwara Mjini)

Ahsanteni sana, ratiba naichukua ilivyo. La mwisho kwa FarasiWaMikindani: Weusi wakiwa na Askofu e7 anayeilinda g5, kafara ya h7 ifutwe?

FarasiWaMikindani

Isifutwe, kaka, ila iongezewe sharti: Weupe wawe hawajajificha, Ngome iko h1, askari ameshafika h4. Farasi akiliwa g5, askari wa h4 anakula g5 na mstari h unafunguka, cheki ya Ngome hapohapo. Mfalme akirudi g8, Malkia h5. Weusi wakisukuma f5 kutafuta njia, usile, sukuma g6: f7 imefungwa na Malkia anaingia h8 kwa chekimeti. Akikimbilia g6 badala ya g8, Malkia h5 anamvuta f5, na hapo wafanyeni vijana waandike njia nzima daftarini kabla ya kugusa Askofu wa d3. Bila askari h4, Askofu wa e7 anakula Farasi, na Weupe wametoa kete mbili kwa askari mmoja na kete moja.